Jicho Linalokaa Karibu na Moto

MAFUNZO YA WATU WAZIMA KWA REDIO
Somo la 14: Sayansi na Vyombo Vyake
(Mazungumzo ya Afisa wa Elimu, yaliyopigwa chapa ili yasomwe polepole darasani)

Natumaini mmekwisha kaa, daftari liko mbele yenu na kalamu iko mkononi.

Katika somo lililopita tulisema kwamba kila kitu, jiwe, maji, mti, hata mwili wa mtu, kimejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu. Leo tutatazama chombo ambacho watu wamekitengeneza ili wapate kuzijua chembe zilizo ndogo hata kuliko atomu. Nataka tujibu swali moja: kwa nini chombo hicho huharibiwa na kazi yake yenyewe, na wale wenye kukitunza hufanyaje?

Mvuvi analijua jambo hili. Wavu uliotundikwa nyumbani hauchaniki, lakini pia haunasi samaki. Wavu unaonasa samaki ndio unaochanika. Basi mvuvi mwenye akili hasemi, "Sitautumia wavu wangu." Husema, "Nitaujua wavu wangu: umechanika wapi, kwa kiasi gani, na utanifaa kwa muda gani." Hayo ndiyo maneno ya somo letu la leo.

MAHALI PENYEWE

Karibu na mji wa Geneva, penye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, kuna maabara kubwa iitwayo CERN. Ilianzishwa mwaka 1954 na nchi 12 za Ulaya. Chini ya ardhi, kadiri ya meta 100, limechimbwa handaki la mviringo lenye urefu wa kilometa 27. Ndani ya handaki hilo imo mashine iitwayo LHC, ambayo iliwashwa mara ya kwanza mwaka 2008.

Kazi ya mashine hiyo ni kuzungusha chembe ziitwazo protoni kwa mwendo unaokaribia mwendo wa nuru. Mikondo miwili ya protoni huzunguka, mmoja ukienda huku na mwingine kule, kisha hukutanishwa ili protoni zigongane. Katika mgongano huo huzaliwa chembe nyingine nyingi, nazo hutawanyika pande zote kama cheche za chuma kinachofuliwa.

Mahali pa migongano vimejengwa vyombo vikubwa vya kuzitambua chembe hizo. Viwili kati yake huitwa ATLAS na CMS. Tarehe 4 Julai 2012 wataalamu wa vyombo hivyo viwili walitangaza kwamba wameona chembe mpya, ile iitwayo Higgs kwa jina la Mwingereza Peter Higgs, aliyeandika habari zake mwaka 1964. Watu walingoja miaka 48. Na chembe hiyo ni adimu: huzaliwa mara moja tu katika migongano zaidi ya milioni elfu. Kwa hiyo chombo kikisinzia, au kikiwa kipofu upande mmoja, jambo lililopita halirudi.

MTU HUONAJE KITU KIDOGO HIVYO?

Mtu aweza kuuliza: chembe ndogo kuliko atomu yaonekanaje? Haionekani kwa macho. Mwindaji hamwoni mnyama aliyepita usiku, lakini asubuhi huona nyayo, naye ajua alipita nani, akielekea wapi. Wataalamu wa CERN hufanya vivyo hivyo. Hutafuta nyayo.

Nyayo hizo hupatikana katika mabamba membamba ya silikoni. Andikeni neno hilo: silikoni. Si kitu cha ajabu. Mchanga wa mtoni kwa sehemu kubwa ni silikoni iliyoungana na oksijeni. Silikoni iliyosafishwa ndiyo iliyomo katika redio mnayoisikiliza sasa, katika simu ya mkononi, na katika mabamba ya umeme wa jua yaliyo juu ya mapaa.

Bamba moja la kutafutia nyayo lina unene wa kadiri ya sehemu 3 za 10 za milimita. Juu yake imechorwa mistari myembamba ya kupokea umeme. Chembe ikipita katika bamba, huziachisha elektroni zilizo njiani mwake, kadiri ya 22,000. Umeme uliotiwa katika bamba huzivuta elektroni hizo mpaka kwenye mstari ulio karibu. Mstari huo hutoa habari: "Hapa pamepita chembe." Mabamba kadha yakipangwa tabaka juu ya tabaka, habari zake zikiunganishwa, njia nzima ya chembe hujulikana.

Chombo cha CMS kilijengwa na mabamba ya namna hiyo yenye eneo la kadiri ya meta za mraba 200. Na katikati yake, mwaka 2017, kiliwekewa sehemu mpya yenye vijicho milioni 124, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama.

KWA NINI LAZIMA YAWE KARIBU?

Sasa tufikie penye shida. Baadhi ya chembe zinazozaliwa huishi muda mfupi mno. Husafiri milimita chache tu, kisha huvunjika na kuwa chembe nyingine. Mtu akitaka kujua zilivunjika wapi hasa, lazima aweke bamba karibu sana na mahali pa mgongano. Katika chombo cha ATLAS, mwaka 2014, iliongezwa tabaka iliyo sentimita 3.3 tu kutoka katikati ya njia ya protoni. Pimeni kwa vidole: ni kama upana wa vidole viwili.

Lakini mahali hapo ndipo penye mionzi mingi kuliko pengine pote. Makundi ya protoni hupishana kadiri ya mara milioni 40 kwa kila sekunde, na katika kila kupishana hutokea migongano mingi. Bamba lililo karibu huona vizuri, na bamba hilo hilo ndilo linaloumia. Likisogezwa mbali, litapona lakini halitaona. Basi hakuna kukimbia. Yatupasa tujifunze jinsi linavyoumia.

JINSI SILIKONI INAVYOUMIA

Fikirini shamba la mkonge lililopandwa kwa mistari iliyonyooka. Atomu za silikoni nazo zimekaa kwa mistari, kila moja mahali pake.

Upepo ukipita shambani hutikisa majani, kisha majani hutulia. Ndivyo ilivyo chembe inapoziachisha elektroni: silikoni hutikisika, habari hutolewa, halafu yote hutulia kama kwanza. Hapo hakuna hasara ndani ya bamba.

Lakini mara chache chembe hugonga kiini chenyewe cha atomu. Hiyo ni kama kiboko aliyeingia shambani. Atomu hung'olewa mahali pake. Nguvu inayohitajika kuing'oa ni kama mara 7 ya nguvu ya kuiachisha elektroni moja. Palipokuwa na atomu hubaki pengo, na atomu iliyong'olewa hukaa katikati ya mistari, mahali pasipo pake. Na ikiwa iligongwa kwa nguvu nyingi, yenyewe huenda ikagonga jirani zake, na jirani wakawagonga wengine, hata pakawa na eneo zima lililovurugika.

Pengo moja si kitu. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Andikeni tarakimu 2, kisha mwandike sifuri 16 nyuma yake. Hiyo ndiyo hesabu ya chembe, zikilinganishwa na nyutroni za nguvu maalumu, ambazo mabamba ya ndani kabisa ya siku zijazo yametakiwa kuzistahimili katika kila sentimita moja ya mraba. Sentimita moja ya mraba ni kama ukucha wa kidole chenu cha kati.

MADHARA MATATU

Mapengo hayo huleta madhara matatu. Sikilizeni moja moja.

La kwanza ni kuvuja kwa umeme. Bamba zima hupitisha umeme kidogo sana pasipo chembe. Bamba lililoumia huvujisha umeme wakati wote, kama mtungi wenye nyufa. Umeme unaovuja huongezeka sawasawa na idadi ya chembe zilizopita: chembe zikiwa mara mbili, uvujaji huwa mara mbili. Na umeme ukipita katika kitu hukitia joto. Joto nalo huzidisha uvujaji, na uvujaji huzidisha joto. Wasipokuwa waangalifu mambo hayo mawili husukumana mpaka bamba haliwezi kutumika tena.

La pili ni kubadilika kwa tabia ya silikoni. Silikoni ya mabamba hutiwa atomu chache za kigeni, kama fosforasi au boroni, ili iupokee umeme kwa namna inayotakiwa. Mapengo huiharibu hesabu hiyo. Silikoni iliyokuwa ya namna moja hugeuka polepole ikawa na tabia ya namna ya pili. Kisha huhitaji umeme wenye msukumo mkubwa zaidi, yaani volti nyingi zaidi, ili bamba zima lifanye kazi. Ile tabaka ya ATLAS niliyoitaja ilitiwa kadiri ya volti 80 katika mabamba yake ya kawaida mwaka 2015. Kufika mwaka 2018 ilitiwa kadiri ya volti 400. Miaka mitatu tu, na mahitaji yamekuwa mara 5. Na volti haziwezi kuongezwa bila mwisho, maana nyaya na mitambo vina kikomo chake.

La tatu ni elektroni kunaswa njiani. Elektroni zinapovutwa kuelekea kwenye mstari, nyingine hutumbukia katika mapengo na kukawia. Zikitoka, wakati umekwisha pita. Habari iliyokuwa na sauti ya elektroni 22,000 sasa hufika kwa sauti ndogo. Ikififia mno, haitofautiki tena na kelele za mitambo, na nyayo hupotea.

DAWA YA BARIDI NA HATARI YA JOTO

Je, wafanyeje? Dawa ya kwanza ni baridi. Uvujaji wa umeme hupungua kwa nusu kila joto likishuka kadiri ya digrii 7. Tufanye hesabu pamoja. Kutoka digrii 20, joto la chumba cha kawaida, hadi digrii 15 chini ya sifuri, ni digrii 35. Gawanyeni 35 kwa 7, mtapata 5. Basi uvujaji hukatwa nusu mara tano: sehemu ya 2, ya 4, ya 8, ya 16, ya 32. Uvujaji uliobaki ni sehemu moja tu ya 32.

Kwa ajili hiyo mabamba ya CMS, yaliyofanya kazi juu kidogo ya sifuri katika miaka ya kwanza, tangu mwaka 2015 yalipozwa mpaka chini ya sifuri. Jambo hilo si rahisi. Mnajua kwamba chupa ya soda iliyo baridi hutoka jasho. Bamba baridi nalo likiguswa na hewa yenye unyevu litalowa maji, na maji na umeme havipatani. Ilibidi waziziba nafasi zote na kupuliza hewa kavu ndani kabla ya kushusha baridi.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu, kwa maana hapa ndipo penye akili ya kazi yote. Joto, lililo adui, laweza pia kuponya. Bamba lililoumia likipashwa moto kidogo, baadhi ya atomu zilizong'olewa hutembea na kurudi katika mapengo. Katika digrii 20, sehemu kubwa ya uponyaji wa namna hiyo hutokea katika siku chache. Mtu angesema, "Vema, tuyapashe moto mabamba yote."

Hapana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hamburg, nchini Ujerumani, walipima jambo hili kwa makini katika miaka ya 1990. Waligundua kwamba joto likiendelea, mapengo nayo huanza kutembea. Hukutana, huungana na atomu za kigeni, na kufanya madhara mapya yaliyo mabaya zaidi kuliko yale ya kwanza. Volti zinazohitajika, zilizokuwa zimeanza kupungua, hupanda tena, na hazishuki. Katika digrii 60 ubaya huo huweza kukua kwa siku moja. Katika digrii 20 huchukua zaidi ya mwaka. Katika sifuri huchukua makumi ya miaka, na katika digrii 10 chini ya sifuri hupimwa kwa karne.

Mwaona ugumu wake? Kwa dhara la kwanza, joto ni dawa: uvujaji hupungua kila bamba linapopashwa. Kwa dhara la pili, joto ni dawa kwa siku chache, kisha ni sumu. Ni kama dawa ya hospitali: kijiko kimoja huponya, chupa nzima huua. Kwa sababu hiyo mashine inaposimamishwa kwa matengenezo, mabamba huwekwa katika baridi ingawa hayafanyi kazi. Na kama mafundi hawana budi kuyatoa katika baridi ili wafunge mabomba au wabadilishe nyaya, siku za joto huhesabiwa na kuandikwa. Daftari la siku za joto ni chombo cha kazi, sawa na bisibisi.

KUJIANDAA KWA KAZI KUBWA ZAIDI

Mashine ya LHC imepangwa kuongezewa nguvu ili migongano iwe mingi zaidi. Kufuatana na mpango uliotangazwa, kazi hiyo mpya itaanza mwaka 2030. Mabamba ya zamani hayataweza kustahimili, kwa hiyo mapya yametengenezwa.

Hayo mapya hayakubuniwa kwa kubahatisha. Mwaka 2002 wataalamu wa nchi nyingi waliunda ushirika uitwao RD50, nao ulifanya kazi mpaka mwaka 2023. Walichukua vipande vya silikoni na kuvitia katika mionzi kwa makusudi. Katika mji wa Ljubljana, nchini Slovenia, kuna tanuri dogo la atomu ambalo laweza kukipa kipande kwa muda mfupi nyutroni za miaka mingi. Kisha walivipima, wakaandika, wakajaribu tena.

Nitataja mambo matatu waliyoyatumia. Kwanza, badala ya silikoni inayogeuka tabia kazini, mabamba mapya hutumia silikoni ya namna ile ya pili tangu mwanzo, na kukusanya elektroni, ambazo huenda mbio na kunaswa kwa uchache. Pili, kwa mahali pa ndani kabisa walichagua muundo uliotungwa na Sherwood Parker na wenzake mwaka 1997. Badala ya mistari juu ya bamba, hutobolewa vitundu ndani yake na kutiwa nguzo za kupokea umeme. Elektroni haina safari ndefu tena, kwa hiyo hainaswi sana. Tatu, mabamba yatapozwa kwa kaboni dioksaidi iliyogeuzwa kuwa kimiminika, mpaka digrii 35 chini ya sifuri au zaidi ya hapo.

Na bado, baada ya yote hayo, hawakusema kwamba bamba halitaumia. Tabaka za ndani zimeundwa ili ziweze kutolewa na kubadilishwa kazi ikiwa katikati. Mvuvi mwenye akili huwa na wavu wa akiba.

SWALI LA NYUMBANI

Najua mmoja wenu atauliza: "Je, bamba la umeme wa jua lililo juu ya paa langu nalo linang'olewa atomu?" Jibu ni hapana. Nuru ya jua ina nguvu ya kuachisha elektroni, na hiyo ndiyo kazi yake, lakini haina nguvu ya kung'oa atomu. Ni upepo wa kutikisa majani, si kiboko. Bamba la nyumbani huchakaa kwa sababu nyingine, kama joto, mvua na vumbi. Lakini mabamba ya silikoni yaliyo katika setilaiti, juu kabisa kupita hewa yetu, hupigwa na protoni na elektroni za anga, nayo hupoteza nguvu polepole. Kwa hiyo elimu hii yawafaa pia wanaorusha setilaiti.

MUHTASARI

Ndugu zangu, tumejifunza kwamba jicho la silikoni lazima likae karibu na moto ili lione, na kwa sababu hiyo huumia. Huumia kwa namna tatu: huvujisha umeme, hudai volti nyingi, na hupoteza elektroni njiani. Baridi hulilinda. Joto kidogo huliponya, joto jingi huliharibu. Watu hawakuweza kuzuia madhara, lakini waliyapima mpaka wakayajua, na kwa kuyajua wakaweza kusema mapema: bamba hili litafaa mpaka mwaka fulani, na hapo tutakuwa tayari. Mwenye kujua chombo chake kitachakaa lini hashtukizwi.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Kwa nini mabamba ya silikoni huwekwa karibu sana na mahali pa migongano?
2. Eleza kwa maneno yako tofauti ya upepo na kiboko katika mfano wa shamba la mkonge.
3. Taja madhara matatu yanayoletwa na mionzi katika silikoni.
4. Ikiwa uvujaji hupungua nusu kwa kila digrii 7, utabaki sehemu gani joto likishuka kutoka digrii 21 hadi sifuri?
5. Kwa nini mafundi huziandika siku ambazo mabamba yamekaa nje ya baridi?
6. Taja chombo kimoja cha kazi nyumbani kwako ambacho huchakaa kwa kutumika. Wajuaje kwamba wakati wake wa kubadilishwa umekaribia? Andika sentensi nne.

Wiki ijayo, saa ile ile, tutazungumza juu ya baridi: jinsi watu wanavyoitengeneza na jinsi ya kuipima. Msomeni mwenzenu ambaye hakuwapo leo maneno haya, naye ayanakili. Kwaherini.